Kipepeo Mmoja wa Msituni na Majina Yake Mengi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kipepeo mmoja wa misitu ya Afrika, ambaye wataalamu humwita Papilio dardanus, alivyokuja kutambuliwa kuwa ni mmoja, baada ya kuandikwa vitabuni kwa muda wa karibu miaka mia kana kwamba ni vipepeo wanne mbalimbali. Huenda msomaji akauliza habari za wadudu zatafuta nini katika jarida la lugha. Jibu langu ni kwamba kisa hiki, tangu mwanzo wake, ni kisa cha majina: nani aliyatoa, aliyatoa kwa kutazama nini, na ni ushahidi wa namna gani uliotosha kuyatengua. Sisi tunaoshughulika na maneno hukabiliwa na swali lilo hilo kila siku. Maneno mawili yanayofanana, je, ni ndugu? Na mawili yasiyofanana, je, yaweza kuwa neno moja?

Mchoraji Peter Brown ndiye aliyemwita dardanus, mwaka 1776, katika kitabu cha picha za wanyama kilichochapishwa London. Mwaka uliofuata Mholanzi Pieter Cramer alimwita merope. Mwaka 1790 Caspar Stoll, aliyeiendeleza kazi ya Cramer, alichora kipepeo mwingine akamwita cenea. Mwaka 1793 Johan Christian Fabricius, aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, akamtoa wa tatu kwa jina la hippocoon, na mwaka 1842 Mwingereza John Obadiah Westwood akaongeza trophonius. Majina haya karibu yote yametoka katika hadithi za Wayunani wa kale. Linnaeus mwenyewe ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, maana aliwagawa vipepeo wakubwa wa namna hii katika majeshi mawili, Watroya na Waakaya, na Dardanus katika hadithi hizo ni babu wa Watroya. Hivyo mdudu wa misitu ya Sierra Leone alipewa ukoo wa Troya, wala hapakuwa na mtu Ulaya aliyeuliza wenyeji wa msitu wanamwitaje.

Yafaa kusema mapema kwamba waandishi hawa hawakuwa wazembe. Kila mmoja alitazama kwa makini kile alichokuwa nacho mbele yake, na alichokuwa nacho ni mdudu mkavu aliyechomwa pini, aliyesafirishwa kwa meli, na aghalabu bila habari yoyote ya mahali alipokamatwa isipokuwa jina la pwani. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilipata kuonyeshwa droo moja ya vipepeo hawa, nami nakiri kwamba kama ningaliulizwa siku ile ningalitoa majina mengi kuliko wao.

Dume ana rangi ya manjano iliyopauka, mfano wa siagi, na kingo nyeusi, na kila bawa la nyuma lina mkia mrefu. Hippocoon hana mkia. Ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Cenea naye hana mkia. Mabawa yake ya mbele ni meusi yenye madoa madogo meupe au ya manjano hafifu, na ya nyuma yana eneo la rangi ya manjano iliyokoza kidogo. Trophonius ana rangi ya machungwa, na ncha za mabawa yake ya mbele ni nyeusi zenye alama nyeupe. Mtu akiwaweka wanne hao juu ya meza moja, hatathubutu kusema kwamba mmoja ni mume na watatu ni wake zake. Zaidi ya hayo, kila mmoja wa hao watatu anafanana sana na kipepeo wa jamaa nyingine kabisa: hippocoon anafanana na Amauris niavius, cenea na Amauris echeria, na trophonius na Danaus chrysippus, yule wa rangi ya machungwa tumwonaye kila mahali kandokando ya njia. Kwa hiyo aliyetazama sura peke yake alikuwa na sababu nzuri za kumtenga jike na mumewe na kumsogeza karibu na watu baki.

Aliyelifumbua fumbo hili ni Roland Trimen. Alizaliwa London mwaka 1840, akaenda Rasi ya Tumaini Jema akiwa kijana, akafanya kazi katika ofisi za serikali ya koloni, na baadaye akawa mwangalizi wa jumba la makumbusho la Cape Town. Tofauti yake na waliomtangulia si ukali wa macho. Yeye aliishi mahali vipepeo walipoishi. Aliweza kuuliza maswali ambayo droo haiwezi kuyajibu: huyu huruka wapi, saa ngapi, pamoja na nani?

Hoja yake ilijengwa juu ya mambo matatu. Kwanza, merope wote waliopatikana barani Afrika, kwa kadiri alivyoweza kuchunguza, walikuwa madume, na cenea, hippocoon na trophonius wote walikuwa majike. Spishi nzima isiyo na mke, na spishi tatu zisizo na waume, katika misitu ile ile! Pili, katika kisiwa cha Madagaska yuko kipepeo aliye karibu sawa na merope, naye ana dume na jike wanaofanana, wote wa manjano, wote wenye mikia. Tatu, Henry Walter Bates alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1862, kutokana na safari zake za mto Amazon, maelezo ya jinsi mdudu mtamu anavyoweza kujipatia usalama kwa kufanana na mdudu ambaye ndege humwona mchungu. Na Alfred Russel Wallace mwaka 1865 alikuwa ameonyesha kwamba katika visiwa vya Malaya wako vipepeo wa jamaa hii hii ambao majike yao yana sura zaidi ya moja. Trimen aliyaunganisha hayo, akayasoma mbele ya Chama cha Linnaeus cha London mwaka 1868, na makala yake yakachapishwa mwaka uliofuata. Alisema waziwazi kwamba merope ndiye mume, na hao wengine watatu ni wake wa spishi moja, kila mmoja amevaa vazi la kipepeo mchungu wa mahali pake.

Wengi hawakukubali. William Chapman Hewitson, mkusanyaji mashuhuri wa Uingereza aliyekuwa na hazina kubwa ya vipepeo wa dunia nzima, aliiona hoja hiyo kuwa ni ndoto. Wala si haki kumcheka. Hoja ya Trimen ilikuwa ya akili, na akili imekwisha kuwapotosha wengi. Mwanafunzi wa lugha anajua jinsi ilivyo rahisi kuunga maneno kwa werevu. Akiona kaa wa baharini, kaa la moto na kaa kitako, anaweza kutunga nasaba nzuri ya kuyafanya yote matatu kuwa ndugu, na nasaba hiyo isiwe na ukweli wowote. Kadhalika mgeni asiyejua Kiswahili hatasadiki kwa urahisi kwamba meko ni wingi wa jiko, au macho wingi wa jicho. Ataandika maneno mawili katika daftari lake, naye hatakuwa na kosa mpaka asikie watu wakisema. Hewitson alidai ushahidi, na ushahidi ukamjia kwa mlango wake mwenyewe, maana mmoja wa watu waliomkusanyia vipepeo alimpelekea jozi iliyokamatwa ikiwa imeungana: dume alikuwa merope na jike alikuwa hippocoon.

Walakini hata jozi iliyoungana haimalizi neno. Kilichobaki ni kufuata uzazi wenyewe. Kazi hiyo ilianzwa na J. P. Mansel Weale, aliyeishi upande wa mashariki wa koloni ya Rasi. Alitafuta viwavi msituni, akawalisha, akangoja. Na kutoka kwa viwavi waliofanana wakatoka madume wa manjano wenye mikia pamoja na majike wa vazi la cenea. Habari zake na za Trimen zilichapishwa London pamoja mwaka 1874.

Hapa yafaa kutulia kidogo tuueleze uhai wa mdudu huyu, kwa sababu ndio uliotoa hukumu.

Jike huruka kivulini, chini ya miti, polepole kama yule anayemwiga, ilhali dume hupita kwa kasi ukingoni mwa msitu akirudia njia ile ile. Hii nayo ni sababu mojawapo iliyofanya madume wajae katika makabati na majike wawe haba. Jike hutafuta mimea ya jamaa ya mchungwa na mlimau inayoota porini, kama vile Teclea, Vepris na Clausena, na hutaga yai moja moja juu ya jani. Yai ni dogo, la mviringo. Baada ya siku chache hutoka kiwavi. Katika siku zake za kwanza ana rangi za giza na weupe kidogo, hata juu ya jani huonekana kama kinyesi cha ndege. Anapokua hugeuka kijani kibichi na kupotea kati ya majani anayoyala. Hujivua ngozi mara nne kabla ya kukomaa. Akisumbuliwa hutoa nyuma ya kichwa kiungo laini chenye panda mbili, na pamoja nacho harufu kali ambayo siafu na chungu hawaipendi. Kisha huacha kula, hujishikiza kwenye kijiti kwa mkia, hujifunga kiunoni kwa uzi wa hariri kama mkwezi wa minazi aliyejifunga kamba, na hujivua ngozi ya mwisho. Kinachobaki ni kitu cha kijani, kipana, kilichochongoka, mfano wa jani lililokunjwa. Humo ndani, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, mwili mzima hubomolewa na kujengwa upya, mpaka ganda lipasuke atoke kipepeo mwenye mabawa yaliyonyauka, naye huyaning'iniza yajae damu na kukauka kabla ya kuruka.

Katika hatua zote hizo, yaani yai, kiwavi na pupa, mtoto wa cenea hatofautiani kwa sura na mtoto wa hippocoon wala wa trophonius. Tofauti zote ambazo Cramer, Stoll, Fabricius na Westwood walizitumia kutoa majina huonekana katika hatua ya mwisho tu, na kwa jike tu. Waliotoa majina walisoma ukurasa mmoja wa mwisho wa kitabu.

Uthibitisho kamili ulikuja mwanzoni mwa karne ya 20, huko Durban, ambako vipepeo walilelewa tangu yai kutoka kwa mama aliyejulikana. Mayai ya mama mmoja yalitoa wana wa kiume wa manjano, na mabinti wa mavazi mbalimbali, wengine wakifanana na mama yao na wengine la. Edward Poulton, profesa wa Oxford, aliyekusanya familia nyingi za namna hii kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, aliziweka mama na wanawe pamoja katika droo moja. Kwa mpango huo mpya droo ilipata kusema jambo ambalo zamani haikuweza, maana sasa vipepeo walipangwa kwa ukoo na si kwa sura.

Afrika ya Mashariki ina sehemu kubwa katika habari hizi. V. G. L. van Someren, aliyekuwa mkuu wa jumba la makumbusho la Nairobi na aliyeishi Ngong, aliwalea vipepeo hawa kwa wingi, na familia alizozipata zilimsaidia E. B. Ford kuandika mwaka 1936 juu ya urithi wao. Katika nyanda za juu za Kenya, ambako vipepeo wachungu wanaoigwa ni haba, majike wa dardanus wana sura nyingi zisizo kamili: nusu hivi, nusu vile, hata wengine wenye alama za manjano kama baba zao. Pwani, na upande wa Uganda, ambako wanaoigwa ni wengi, mavazi yamenyooka. Jambo hili lina maana. Ndege akijifunza uchungu kwa kumwonja Amauris, mwigaji wake hupona. Pasipo Amauris, hakuna mwalimu wala somo, na vazi lililoshonwa vibaya halimdhuru mwenye kulivaa kuliko lililoshonwa vizuri. Na mwigo ukizidi wingi wa anayeigwa, ndege hugundua udanganyifu; ndiyo maana yafaa majike wagawane mavazi, hawa wakimwiga huyu na wale yule. Magharibi ya Kenya na Uganda kuna vazi la tano, planemoides, lililoelezwa na Trimen mwenyewe mwaka 1903, ambalo humwiga kipepeo mchungu wa jamaa ya Acraea.

Kwa nini dume hakubadilika? Wako wasemao kwamba jike humchagua mume kwa rangi ya kale. Wako wasemao kwamba jike, kwa uzito wa mayai na kwa kuruka polepole, ndiye anayehitaji ulinzi zaidi. Mimi naona maelezo hayo mawili yaweza kukaa nyumba moja. Lakini kule Ethiopia wengi wa majike hubaki wa manjano wenye mikia, na Madagaska wote ni hivyo. Basi vazi la dume ndilo la asili, na mavazi ya kuiga yalikuja baadaye.

Katika miaka ya 1950 kazi hii ilishikwa na Cyril Clarke, daktari wa hospitali huko Liverpool, pamoja na Philip Sheppard. Clarke alivumbua njia ya kuwaozesha vipepeo kwa mkono, na viumbe hai vikasafirishwa kwao kutoka Afrika. Katika makala walizochapisha mwaka 1959 na 1960 walionyesha kwamba mavazi haya yote yanatawaliwa na mahali pamoja katika urithi, na kwamba hippocoon hujificha mbele ya karibu mengine yote. Dume naye hubeba urithi wa vazi asilolivaa, akawapa mabinti zake. Tena walipomwozesha kipepeo wa Afrika ya Kusini na wa Madagaska, mavazi yaliharibika, kwa kuwa jeni inayochagua vazi hutegemea jeni nyingine nyingi za ukoo ule ule zinazolinyoosha. Mafunzo hayo ya urithi ndiyo yaliyomwongoza Clarke katika uchunguzi wa damu ya binadamu, na katika miaka ya 1960 yeye na wenzake wa Liverpool wakawa miongoni mwa waliopata kinga ya maradhi ya Rhesus, yaliyokuwa yakiua watoto wachanga ambao damu yao haikupatana na ya mama zao. Mwaka 2014 wachunguzi walitangaza kwamba mahali penyewe pa urithi wa mavazi ni kwenye jeni iitwayo engrailed, ambayo wadudu wengi wanayo kwa kazi nyingine za kuujenga mwili.

Majina ya kale hayakutupwa. Kwa kanuni ya kwamba jina la kwanza ndilo lishindalo, dardanus wa 1776 amemshinda merope wa 1777, ingawa vitabu vya wakati wa Trimen vilimwita merope, jambo linalomchanganya msomaji wa leo. Hippocoon, cenea, trophonius na planemoides wameshushwa cheo. Hawataji tena spishi, hutaja vazi tu, na huandikwa nyuma ya jina la spishi kama lakabu.

Nalo Kiswahili je? Jina la kipepeo kwetu limetokana na kupepea, kama lile la kipepeo cha kuchochea moto, na hutaja mwendo wa mabawa bila kutenga huyu na yule. Hapa hatukugawa mmoja kuwa wanne kama walivyofanya Ulaya. Lakini katika hatua za maisha majina yetu yametapanyika, na walimu wa shule wanaumia kwa hilo. Neno buu wengine hulitumia kwa mdudu asiye na miguu atokaye katika yai la nzi, wengine kwa kiwavi, na wengine tena kwa ile hatua ya kutulia kabla ya mabawa. Mwanafunzi anayesoma vitabu viwili ataambiwa kwamba buu anakula majani usiku na mchana, na kwamba buu hali kitu. Rai yangu ni kwamba buu libaki kwa nzi na wenzake, ambako wasemaji wamelizoea, na kiwavi liwe la mtoto wa kipepeo na wa nondo, hata asipokuwa na manyoya ya kuwasha. Kwa wasemaji wengi kiwavi hufungamana na mwasho, na huyu wa dardanus ni laini, ila jina huweza kupanuka bila kuvunjika. Kuhusu hatua ya tatu, vitabu vimekwisha kuleta pupa. Kwa sikio la Mswahili neno hilo lina kichekesho chake, maana kufanya jambo kwa pupa ni kulifanya kwa haraka na tamaa, na hapa pana mdudu aliyefungwa kijitini wiki mbili bila kula wala kusogea. Maneno hayo mawili yamefanana kwa sura wala hayana ukoo. Moja ni letu, la pili limepitia Kizungu kutoka Kilatini, ambako maana yake ilikuwa mtoto wa kike au mwanasesere. Hata hivyo silikatai. Wasemaji watayatofautisha, kama wanavyotofautisha kaa na kaa, na ni afadhali neno geni lenye maana moja kuliko buu lenye maana tatu.